Kipande Kimoja, Kasi Mbili

Duka la kutoa kopi lilijaa siku hiyo mpaka watu wanapumuliana visogoni. Binti mshonaji alikuwa kwenye foleni, kavaa sketi ya bluu aliyojishonea mwenyewe, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, maana alitoka kazini mbio kuja kutoa kopi za michoro ya mishono. Mara feni ikageukia upande wao. Karatasi za kijana wa mbele yake zikapeperuka, moja ikamnasa binti kifuani.

"Samahani dada, hiyo ni yangu."

"Hivi vidudu vyote ni nini? Umemwaga wino?"

"Ni noti za muziki. Napiga fidla kule ukumbi wa maonyesho. Tunaandaa opera, mchezo unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho."

"Na hapa wanaimba nini?"

"Hapa haimbi mtu. Ni ala tupu. Pazia limefungwa, sisi tunawaandaa watu mioyo." Akaweka kidole kwenye karatasi, kidole kirefu, kisafi. "Hapa juu wameandika kasi: polepole. Huu ni ufunguo wake, yaani mpangilio wa sauti, ule wa huzuni. Na hali yake ni ya mtu anayemngoja mpenzi, hajui kama atakuja."

"Basi huyo mpenzi si apigiwe simu, tumalize?"

Wakacheka, hata mwenye mashine ya kopi akacheka. Ndivyo inavyoanza, mabinti zangu. Inaanza kwa kucheka.

Wakabadilishana namba palepale. Kabla wiki haijaisha, kila saa saba mchana, mafundi wanapofungua vyakula vyao, simu ya binti ilikuwa inaita.

"Malkia wa uzi, umekula?"

"Bado, nakusubiri wewe."

"Weka mkasi chini, funga macho. Kipande hiki ni chako wewe. Ila usiseme hata neno mpaka kiishe, ukisema unanitoa kwenye kasi."

Naye anakaa kwenye stuli, simu sikioni, fidla inalia taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Wali unapoa.

"Wewe, huyo bwana anakulisha fidla?" fundi mwenzake alimtania. "Utakonda mpaka tukupitishe kwenye tundu la sindano!"

Mama yake hakutania. "Mwanangu, mtu anayekupenda hakuzibi mdomo."

"Mama, ni muziki."

"Hata kama."

Miezi miwili ikapita hivyo. Kijana akasema Jumamosi baba zake wakubwa watakuja nyumbani kuposa. Mama mtu, pamoja na wasiwasi wake, akafua mapazia, akaazima viti kwa jirani. Binti naye akamshonea mchumba shati jeupe, vifungo vimefichwa ndani, kola imesimama wima. Alhamisi likaisha kabla ya mchana. Akaona ampelekee kwake, abishe hodi muziki unapomalizika tu, amshangaze.

Simu iliita akiwa tayari kwenye kichochoro, nyuma ya duka la rangi ambako kijana alipanga vyumba viwili.

"Umekula, malkia?"

"Bado."

"Haya, funga macho."

Akatembea anatabasamu peke yake, shati kwapani. Akafika chini ya dirisha, akasimama.

Sikio la kulia, kwenye simu, fidla ilikuwa inalia polepole, ufunguo wa huzuni. Sikio la kushoto, kutoka dirishani, ilikuwa fidla hiyohiyo na wimbo huohuo, lakini mbio, umehamishiwa ufunguo wa furaha, na miguu inapiga sakafu, na mwanamke anacheka.

Kwanza alidhani masikio yanamchezea. Akachungulia. Jikoni, simu ya kijana ililala mezani, mdomo wake umebanwa kwenye spika ya redio ndogo inayocheza kilichorekodiwa. Mlango wa kwenda sebuleni ulikuwa wazi. Kijana kaweka fidla begani. Mbele yake mwanamke wa gauni la manjano, pekupeku, anazunguka.

"Tena, mpenzi! Harakisha!"

"Kipande hiki ni chako wewe," kijana alisema.

Binti akasema palepale dirishani, "Usiache basi. Mmalizie mwenzangu."

Upinde ukakwaruza, kimya. Redio tu ikaendelea kulia. Kijana akatoka mbio.

"Mpenzi, si hivyo unavyofikiri. Huyu ni mwimbaji, tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kuvua viatu?"

"Huyu ni nani?" aliuliza yule wa manjano.

"Mimi ni yule anayengoja kwenye kipande cha polepole, dada yangu."

"Kumbe!" Mwanamke akamgeukia kijana. "Si uliniambia simu ya saa saba ni ya mama yako?"

Binti hakungoja jibu, akaondoka na shati lake kwapani. Siku ile simu iliita mara ishirini na tatu. Ya ishirini na nne akapokea.

"Nisikilize," kijana alisema. "Nilirekodi kwa sababu siku nyingine nilichoka. Lakini ile huzuni ilikuwa ya kweli, naapa. Nataka kukuoa."

"Ulirekodi lini?"

"Mpenzi, hilo lina maana gani sasa?"

"Nimekuuliza, ulirekodi lini?"

"Wiki ya kwanza."

Binti akakaa chini sakafuni. Miezi miwili alikuwa ameziba mdomo wake, chakula kinapoa, kwa heshima ya redio.

"Sasa hata ukiniambia ukweli," akamwambia, "mimi nitaujuaje?" Akakata.

Jumamosi saa nne wazee wawili walifika, makoti yamepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hawakuwa wameambiwa kitu. Mama alitaka kwenda kuwapokea, binti akamshika mkono. Akafungua mwenyewe.

"Shikamooni. Karibuni, kaeni." Akawapa maji. "Wazee wangu, mmetembea bure, na aibu si yenu. Sitaolewa na mwanenu."

Mkubwa wao akashika glasi kwa mikono miwili. "Amekukosea nini kijana wetu?"

"Muulizeni yeye, baba. Mimi nikisema nitalia, na sitaki kulia mbele ya wageni."

Mzee akanywa maji yote, akainuka, akamwambia mwenzake, "Twende. Mtoto huyu kalelewa." Mlangoni akasema, "Tusamehe, mwanangu."

Binti akasubiri mpaka geti lilipofungwa. Ndipo akaanguka mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti, bila kuzuiwa na mtu, na mama hakumwambia anyamaze.