Nyota Wawili Hewani

Kila asubuhi baada ya chai, Shamso aliwasha taar, redio ya mawasiliano ya baba yake pale Garissa, akasikiliza madereva wakisalimiana. Hakuna ofisi iliyowagawia majina. Mwenye redio mpya hujichagulia jina, akauliza mara tatu hewani kama lina mwenyewe. Mwenyewe akisikia hujibu. Akiwa mbali, anayemjua humjibia. Kukiwa kimya, jina ni lako.

Asubuhi moja ikasikika sauti ya Nafiso, binti wa ami yake wa Masalani. Lori la kwao lilikuwa limetiwa redio.

"Naomba jina la Nyota. Kuna Nyota hewani?"

Moyo ulimchoma Shamso. Jana tu, redio hiyo ilipojaribiwa, baba yake alisema Nafiso anatamka vizuri, kila neno linafika. Na yeye anayeshinda na taar kila siku, nani aliwahi kumsifu? Alijua vyema kuwa Nyota ni lori la Abti Dagane, ndugu ya mama yake. Abti alijichukulia jina hilo juzi tu, akaenda Liboi, mbali asikoweza kusikia. Nafiso aliuliza tena, na tena. Shamso alifyata ulimi, jina likawa la Nafiso. Acha aaibike Abti akirudi, aliwaza.

Siku chache baadaye, jua likiwa kali, taar ikakwaruza.

"Hapa Nyota. Lori limeharibika, maji yamekwisha, mbuzi niliowapakia wanaanguka..." Sauti ikakatika. Ilikuwa ya Abti.

"Nyota, nimekusikia," alijibu Ogle, dereva wa lori la maji. "Nageuza, nakuja Masalani."

Ogle alidhani ni lori la kina Nafiso. Shamso akisema, wote watajua, hata Nafiso. Akinyamaza, Abti atabaki juani bila tone. Akabonyeza kitufe, akamwita Ogle kwa heshima kama ami yake.

"Adeer Ogle, usiende Masalani. Huyo ni Abti Dagane, anarudi kwa barabara ya Liboi. Nyota ni wawili. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini, Shamso?" Nafiso aliuliza.

"Nilikuonea wivu."

"Basi mimi naliacha jina," akasema Nafiso. "Adeer Ogle, wahi."

Jioni Abti alifika salama, vumbi hadi kwenye nyusi. Mbuzi watatu walikuwa wamekufa. Shamso alilia.

"Hewani hakuna mkubwa wa kutuamua," baba yake alimwambia. "Tunalindana wenyewe. Mmoja akinyamaza kwa wivu, mwingine anakosa maji."

Kesho yake Nafiso aliuliza, "Kuna Swara hewani?" Lilikuwa jina zuri, na wivu ulimchoma Shamso kidogo. Alisikiliza hadi mara ya tatu.

"Hakuna, Nafiso," akasema. "Jina ni lako."