Mzinga Mwepesi

Majira ya baridi yalipoanza, mume alichukua blanketi la kitandani akaifunika mizinga miwili ya nyuki nyuma ya nyumba. Mkewe aliachiwa nyuki hao na marehemu baba yake.

"Na mimi nijifunike nini?" mke aliuliza.

"Wewe una koti."

Baba mkwe aliwafundisha hivi: ukishafunika mizinga, usiiguse mpaka maua yachanue. Mume alishika hilo kama sheria. Ubishi wake haukuwa na dawa.

Lakini mwaka huo theluji ya kila mwaka haikuanguka. Upepo wa joto ulivuma. Nyuki waliruka huku na huku, na maua hakuna. Mume alikuna kichwa. Kalenda ilisema baridi, jasho lilisema joto. Amwamini nani?

Asubuhi moja mzinga mmoja ulikuwa kimya. Mke aliufungua. Nyuki wote walikuwa wamekufa. Alilia kwa uchungu.

"Baba kaniachia miwili. Sasa umebaki mmoja!"

"Baridi yenyewe haikuja," mume alisema. "Wameuawa na nini?"

Jirani yao, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa, alikuja kuwapa pole. Watu walimwita Mama Upepo.

"Shemeji, nyanyua huo uliobaki."

Mume aliunyanyua. "Mbona mwepesi hivi?"

"Asali inakwisha. Kwenye baridi nyuki hutulia, hula kidogo. Kwenye joto huruka na kumaliza akiba. Wenzao wamekufa njaa."

"Kwani baridi yetu imekwenda wapi?"

"Hewa ina uzito. Huko baharini, upande wa kaskazini hewa hukandamiza kidogo, upande wa kusini hukandamiza sana. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa baharini hupata nguvu na kutuletea joto. Tofauti ikipungua, upepo hulegea, na baridi ya kaskazini hutufikia."

"Yaani bahari nisiyowahi kuiona imeniulia nyuki?"

"Imeleta joto tu. Kukagua akiba ni kazi yako."

"Na mwakani?"

"Huenda baridi ikarudi. Ila dunia nayo inazidi kupata joto. Usingoje kalenda. Nyanyua mzinga. Ukiwa mwepesi, wape sukari iliyokandwa na maji kidogo."

"Ya bahari yamenipita," mume alisema. "Ya sukari nimeyaelewa."

Siku hiyohiyo waliwapa nyuki sukari. Maua yalipochanua, nyuki walitoka wakivuma. Mke alicheka huku machozi yakimtoka.

Majira ya baridi yaliporudi, mume alishika blanketi, akasita. Mwaka huu joto au baridi? Hakujua. Aliliacha kitandani, akatoka.

"Mzito!" sauti yake ilisikika kutoka nyuma ya nyumba.

Mke alijivutia blanketi mpaka kidevuni. Safari hii lilikuwa lake.