Abee ya Pili

Jumapili, tarehe 14 Januari 1973, likizo yangu ya mwaka ilikuwa inamalizika. Nilikuwa karani wa posta katika mji mdogo uliobanwa kati ya milima miwili, mto ukipita katikati yake. Kiangazi kile kilikuwa kikali lakini kitamu. Maji yalipungua hata majabali yakajitokeza kama migongo ya viboko, na kutwa nzima akina mama walifua huku watoto wakiogelea pembeni yao. Binti yetu wa pekee, mwenye umri wa miaka saba, alirudi kila jioni macho mekundu kwa maji, mdomo haujafungwa. Ndiyo sababu tulimwita Chiriku. Alizungumza akila, alizungumza akioga, na mama yake aliapa kwamba alizungumza hata usingizini. Wiki ile meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, jambo ambalo halikumpunguzia hata neno moja.

Jioni ile mke wangu alikuwa kitandani, kifundo cha mguu kimeteguka. Nguo alizotufulia dada yake zilikuwa bado zimeanikwa majabalini.

"Baba Chiriku, kazianue kabla giza halijaingia," aliniambia. "Na huyo mwanao mchukue, amenichosha masikio."

"Mimi? Nibebe beseni?"

"Kwani hicho kichwa kimeumbiwa kofia peke yake?"

Tukatoka. Darajani tulimkuta fundi cherehani, mtu ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Aliliona beseni kwapani mwangu, akasimamisha mashine.

"Karani! Wamekuhamishia idara ya mabeseni?"

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Tulipokwisha kuanua, jua likiwa limejificha nyuma ya mlima, niliazimu kutolipita daraja lile tena. Nikashika kijia cha nyuma, kinachopenya kwenye matete kando ya mto.

Kijia chenyewe kilikuwa chembamba, watu hupita mmoja nyuma ya mwingine. Nilitangulia na beseni kichwani. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo. Anayetaka kujua kama mtoto yupo, humwita. Mwanzoni sikuwa na haja ya kuita. Nyuma yangu Chiriku aliuliza kama samaki hufumba macho, akauliza mto hulala wapi, akajijibu mwenyewe.

Kisha akasema, "Baba, ningoje. Kiatu changu kimekwama kwenye tope."

"Haya, fanya upesi," nikasema, nikapunguza mwendo.

Matete yakatikisika. Halafu nikasikia hatua zikija.

Chwap... chwap... chwap...

"Chiriku?"

"Abee, baba."

Nikaendelea. Upepo ulikuwa umekufa. Nilisikia harufu ya tope la zamani, lile la chini kabisa, ambalo halijawahi kuonja jua. Nikadhani ni mto.

"Chiriku?"

"Abee, baba."

Kimya. Nami, kwa kweli, niliufurahia ukimya ule.

Nilipofika nyumbani nililitua beseni sebuleni. Mke wangu alikuwa amejikongoja hadi kwenye kiti, anawasha taa. Akaiinua, akatazama nyuma yangu.

"Mbona mtoto amelowa?"

Nikageuka. Alisimama kizingitini, gauni limemganda mwilini, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Chiriku, umeingia mtoni na nguo?" mama yake aliuliza.

"Abee, mama."

Akatabasamu.

Mke wangu akaisogeza taa mbele. Alininong'oneza kwanza, kisha akapiga ukelele.

"Mume wangu... meno. Chiriku hana meno ya mbele! Huyu anayo yote!"

Mtoto akafumba mdomo. Taratibu akapitisha ulimi nyuma ya midomo, huku na huku, kama mtu anayejipapasa mfukoni. Kisha akakatiza sebule, akatokea mlango wa uani. Sakafuni ziliachwa nyayo za maji.

"Mwanangu yuko wapi?" mke wangu alilia. "Umemwacha wapi mwanangu?"

Nilitimua mbio. Sijui nilikipitaje kijia kile. Nilipofika penye matete, mahali aliponiomba nimngoje, nikaita.

"Chiriku!"

"Abee, baba."

Ilitoka kwenye jabali lililo karibu nami.

"Abee, baba!"

Hii ilitoka ndani ya matete.

Zilikuwa mbili. Sauti ile ile.

Juu ya jabali alikaa mtoto, magoti kifuani. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo mno, sikuweza kuuona uso. Nikamshika kidevu.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Akafungua. Nikapitisha kidole gumba. Palikuwa na pengo. Ufizi laini, wa baridi.

Nikamnyakua, nikamkumbatia. Na hapo, nyuma yangu, matete yakaanza kusema.

"Baba, ningoje! Kiatu bado kimekwama, nimekivuta hakitoki, na huyo uliyembeba ni nani? Baba! Mbona hunitazami? Baba, mimi huku..."

Niliomba dua kwa sauti kubwa ili nisisikie. Nikakimbia, wala sikugeuka.

Mke wangu alimpokea akilia, akamtazama mdomo, akambusu. Hakuuliza lolote. Nami sikumwambia nilichokisikia.

Daktari alisema ni mshtuko, utapita. Dada yake mke wangu alisema pale mtoni alizama mtoto wa mwashi, zamani, kabla daraja halijajengwa. Fundi cherehani alisema ni mbilikimo wa majini, lakini yeye alisema mengi. Wote waliafikiana kwamba tuna bahati, tumempata wetu.

Mimi nilikubali. Nimeendelea kukubali, hadi nilipostaafu tarehe 30 Juni 1994, na baada yake. Binti yetu ni mtu mzima, tunaishi naye. Ni mtiifu, hodari wa kazi za nyumbani. Yale mapengo mawili hayakuota meno. Na tangu jioni ile hajaanzisha mazungumzo. Ukimwita, huitika. Usipomwita, hunyamaza.

Nimekuwa na miaka mingi ya kukumbuka ukelele wa mke wangu. Kasoro ile aliitaja yeye, kwa sauti kubwa, naye mgeni wetu akiwa amesimama pale pale anasikiliza. Kisha huyo mgeni akatangulia kutoka, kabla yangu.

Kila Januari, mto unapopungua na majabali kujitokeza, mke wangu hufunga dirisha la upande wa mto mapema. Husema ni mbu. Lakini ubao ni mwembamba, na jioni zisizo na upepo sauti hupenya. Ni sauti ya mtoto wa miaka saba, kule kwenye matete. Inazungumza bila kupumzika. Inauliza kama samaki hufumba macho, inauliza mto hulala wapi, inajijibu yenyewe.

Binti yetu, akiwa anakunja nguo, huinua kichwa, akanitazama.

Mara nyingine sauti ile hukatika ghafla, ikatulia, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sijamwita.