Aliyetaka Kusindikizwa

Jioni ile nilikuwa nimebeba chupa ya chai na mandazi ya moto, nikiwapelekea waandamanaji. Usicheke. Waandamanaji wenyewe walikuwa watu wa kanisa letu pale Hyattsville. Wengi walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, bado na sare za hospitali, na hawakuwa wametia kitu tumboni.

Walisimama mbele ya ukumbi wa sinema kwa sababu ya filamu. Nitaieleza polepole, maana huenda hukuwahi kuiona, na ni heri. Ilitoka kwenye vitabu vya katuni, na mhusika wake mkuu alikuwa mwovu. Sisi tulimwita Mshona Midomo. Anaingia nyumba za watu giza likianza kushuka, anawashona watoto midomo kwa uzi mweusi, na hakuna shujaa wa kumzuia. Anashinda, taa zinawashwa, watu wanakwenda nyumbani.

Vuli ile ya mwaka tisini na nane kila mtu alikuwa na la kusema. Redio zilibishana kutwa. Magazeti yalijaa barua za wazazi. Wengine walitaka filamu ipigwe marufuku, wengine wakasema mtu mzima ana haki ya kutazama anachotaka. Mjukuu wangu Queen, wa miaka saba, hakuiona. Lakini shuleni wenzake walibandika nyuzi nyeusi midomoni kwa gundi wakakimbizana nazo.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza Bukoba mpaka nikastaafu, ndipo binti yangu Rosemary akanileta Marekani nimlelee Queen wakati yeye yuko kazini. Najua watoto huchezea kitu kinachowaogofya ili kisiwaogofye tena. Nilimwambia hivyo Mchungaji Zefania. Hakunisikia. Alikuwa na kipaza sauti.

"Mshona Midomo!"

"Ushindwe!" watu wakajibu.

"Mshona Midomo!"

"Ushindwe!"

Jirani yetu Mark, kijana wa Kikenya, alipita na tiketi mkononi. "Pastor, si mnamfanyia advertisement ya bure! Ticket zimeisha hadi Sunday."

"Wewe cheka tu, Mark," mchungaji akamwambia. "Utakuja kunitafuta."

"Nitakutafuta na popcorn."

Hata mimi nilicheka. Hapo ndipo nilipomwona mzee.

Alisimama mwisho wa mstari, suti ya kahawia, kofia mkononi. Hakuwa na bango. Kila watu walipolitaja lile jina, aliinamisha kichwa taratibu… kama mtu anayepokea salamu.

Nilimmiminia chai. "Habari za jioni, mzee mwenzangu."

"Nzuri, mwanangu," akasema.

Mwanangu! Nimepita miaka sitini, na kwa sura tulikuwa rika moja. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kitamu, laini, cha zamani. Ugenini, lugha ya namna ile inamvuta mtu. Kikombe alikishika tu. Baridi ilikuwa imeanza kuuma, na Rosemary, aliyekuwa nasi kwenye mstari, akamwambia, "Baba, usikae hapa upate homa. Nyumbani ni karibu. Twende ukanywe chai ndani."

Akaja.

Sebuleni alikaa ukingoni mwa kochi. Queen akasukumwa na mama yake kumwamkia. Akasema shikamoo kwa sauti ya pua, kisha akarudi kwenye Kiingereza chake, akimweleza mzee habari za mwalimu wake na paka wa jirani.

"Mtoto anapenda kusema," mzee akasema.

"Huyu?" Rosemary akacheka. "Hanyamazi hata usingizini!"

Mzee hakucheka. Alimtazama Queen kwa upole, kama fundi anavyotazama kitambaa. Nilisikia harufu nikashindwa kuitambua. Halafu nikaikumbuka. Mafuta ya cherehani.

"Watu wa hapa wamenikirimu sana," akasema. "Kila nyumba wananitaja."

Nikadhani uzee umemchanganya. Rosemary alikuwa amekwisha kuingia chumbani kuvaa sare, maana alikuwa na zamu ya usiku. Alipotoka, mzee alisimama.

"Naomba ruhusa."

"Queen," Rosemary akasema huku akifunga viatu, "msindikize babu mpaka kituo cha basi. Hapo tu, urudi."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni hatoki mlangoni peke yake kama aliyefukuzwa. Unatembea naye kidogo, mnaongea, mpaka aseme inatosha. Na kituo kilionekana kutoka dirishani kwetu.

"Okay," Queen akasema. Akamshika mkono.

Rosemary naye akawahi zamu yake, nami nikaanza kukusanya vikombe. Cha mzee kilikuwa kimejaa. Utando wa maziwa ulitanda juu, haujaguswa. Nikakumbuka na kile cha kule sinema, nilichokirudisha kikiwa hivyohivyo. Nikajaribu kukumbuka jambo dogo tu. Mzee ameongea nasi jioni nzima… Mdomo wake, je, niliuona ukifunguka?

Sikuuona.

Nikaenda dirishani. Taa ya kituo ilikuwa inawaka.

Kituoni hapakuwa na mtu.

Nilitoka na kandambili. Nikapita nyuma ya chumba cha kufulia, nikavuka maegesho ya magari. Majani makavu yalikatika chini ya miguu yangu, krrr, krrr. Nikawaona kwenye njia ya kijitoni, pale taa za barabara zinapoishia. Walitembea taratibu, mkono kwa mkono.

"Queen!"

Hakugeuka. Queen, ambaye hugeuka hata akiitwa mtoto mwingine.

Niliwafikia nikihema. "Babu, umesindikizwa vya kutosha. Mruhusu mtoto arudi."

Akasimama. Naye hakugeuka.

"Kwenu, nani husema inatosha? Mwenyeji au mgeni?"

Nilijua jibu. Nilitamani nisilijue.

"Mgeni," nikanong'ona.

"Basi bado."

"Mwache mtoto. Nitakusindikiza mimi."

"Miguu yako imechoka, mwanangu. Na mimi sisindikizwi kwa miguu."

"Unasindikizwa kwa kitu gani?"

"Kwa maneno. Ninakotajwa ndiko ninakofika. Hao walionichora walinisikia kwa mtu mwingine, na huyo kwa mwingine. Sasa kelele za sinema zitakwisha. Watu wa nchi hii husahau upesi. Nani atanifikisha mbele?"

Nilitazama kisogo cha Queen, mistari ya nywele niliyomsuka asubuhi.

"Utanisimulia kwa watu?" akauliza.

"Nitakusimulia."

"Inatosha," akasema kwa adabu, akamwachia mkono.

Ndipo akageuka kunishukuru. Uso wake ulikuwa wa kawaida, na mdomo wa kawaida. Ulikuwa umefumbwa tu. Na bado alikuwa anaongea.

Queen alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Akala, akalala. Asubuhi hakusema kitu. Wala siku iliyofuata. Madaktari walimulika koo lake wakasema ni zima. Mchungaji alifunga, akaomba, akamwekea mikono.

Kabla ya Krismasi filamu iliondolewa. Redio zikahamia kwenye ugomvi mwingine. Hata kanisani hakuna aliyemtaja tena. Na kadiri watu walivyosahau, ndivyo midomo ya Queen ilivyozidi kukaza. Ikafika mahali kijiko hakipiti. Tukawa tunamnywesha uji kwa mrija. Rosemary alikonda kama ndiye asiyekula.

Mark alikuja kuaga, amepata kazi Sterling, karibu na uwanja wa ndege. Nikamkalisha, nikamsimulia yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akaangua kicheko.

"Mwalimu Honorata! Hii story si uwauzie wale watu wa movie!"

Alipokuwa bado anacheka, sauti ikatoka chumbani.

"Bibi."

Nyembamba, yenye kutu. Lakini yake. Rosemary alianguka magotini akashukuru Mungu. Mimi sikuthubutu kusema nani wa kushukuriwa.

Lilikuwa neno hilo tu. Uji ukaanza kupita kwa kijiko. Mengine yakabaki ndani.

Baada ya majuma kadhaa simu ililia. Alikuwa Mark, na hakuwa anacheka.

"Mwalimu… kuna mzee alikuja hapa jioni. Swahili safi sana. Wairimu alimpikia chai, hakuguza."

"Mlimsindikiza?"

Nilisikia mkewe Wairimu akilia kwa nyuma.

"Si ni heshima, Mwalimu? Tulituma mtoto afike naye kwa gate."

"Mtoto anaongea?"

Alivuta pumzi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kati ya watu wetu… nani bado hajaisikia?"

Nikaiweka simu chini polepole.

Nimefikiri tangu siku ile. Mtu mmoja alisikia, Queen akapata neno moja. Kusimulia mtu mmojammoja ni kazi ya miaka, na mtoto anakua. Kwa hiyo nimeamua kuandika.

Wewe uliyefika hapa hukunikosea kitu. Kwa hiyo nakueleza kama nilivyowaeleza watoto wa darasa langu namna ya kuvuka barabara. Akija, atakuwa na adabu. Mpe kiti, mpe na chai, hataigusa. Lakini akiaga, agana naye mlangoni. Ukiona haya, vumilia. Na mkono wa mtoto wako uwe ndani ya mkono wako mpaka mlango ufungwe.

Queen amekaa kando yangu ninapoandika haya, ameegemeza kidevu mezani, anaifuata kalamu kwa macho. Tangu ukurasa wa kwanza midomo yake imekuwa ikilegea. Sasa hivi ameifungua. Amesema sentensi nzima, ya kwanza tangu vuli ile, na kwa Kiswahili.

"Bibi, huyu anayesoma… ana watoto?"

Nimemwambia sijui.