Tapeti ya Kumi na Saba

Injini ya Nabeel ilikuwa na tapeti kumi na sita, lakini Hisham alisikia kumi na saba zikigonga.

Kwanza alidhani sikio linamchezea. Akachukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na kishikio sikioni, namna ya mafundi wa zamani, akapita moja baada ya moja. Kumi na sita zilifuata zamu. Hiyo nyingine iligonga ilivyotaka yenyewe: mara mbili, kimya, mara tatu, kimya kirefu, kisha mbio mbio.

"Vipi, yakhe?" aliuliza Nabeel, kaegemea mlango wa gereji ya Hisham. Alikuwa na duka la vitambaa Darajani, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye gari hili la mashindano, lenye injini ya silinda nane aliyoiagiza Dubai.

"Tapeti hiyo. Imekosa oili. Kesho itanyamaza."

Fundi na kesho yake, nani asiyewajua? Ila safari hii Hisham aliisema kwa kuamini. Tapeti za injini ile, vile vijichuma vya kusukumia vali, zina rola miguuni na oili matumboni. Oili ikijaa sawasawa husikii kitu, ikipungua zinalia. Akapima msukumo wa oili, ukawa mzuri. Akafungua vifuniko, akairekebisha kila tapeti upya, akaikaza mpaka iguse tu, halafu nusu mzunguko. Kelele ile ile. Siku ya pili akazing'oa zote kumi na sita, akatia mpya. Injini ikanguruma vizuri hata akatabasamu peke yake.

Siku ya tatu, Mwanakwerekwe nzima ikisikia adhana ya adhuhuri, kugonga kukarudi. Hisham akazima injini. Kumi na sita zikanyamaza. Moja ikaendelea.

Alisimama pale na ufunguo mkononi, jasho likimtoka, na ndipo pua yake ikanasa harufu ambayo si ya oili wala ya petroli, harufu ya nywele zilizoungua. Akarudisha bisibisi sikioni ingawa mwili mzima ulikuwa ukimkataza, na ndani ya chuma, nyuma ya kule kugonga, akasikia kitu kinalia kwa sauti nyembamba iliyochoka, kama mtoto aliyelia asubuhi nzima bila ya kuchukuliwa.

Saa ile ile akaingia mkewe, Radhiya, na chakula cha mchana. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake ziliharibika, na hii Hisham aliiombea kila sijda. Radhiya alipokaribia gari, kugonga kukakatika. Akaweka kapu chini, akashika tumbo.

"Hisham," alinong'ona, "nani analia humu?"

"Hapana mtu. Rudi nyumbani."

"Mtoto kajigeuza. Kajigeuza kuelekea huko kwenye gari. Wallahi nnaogopa."

Hisham naye akaogopa, na si kwa ajili ya gari la mtu. Alasiri ile alikwenda Kikwajuni kwa Bi Nunu, bibi mganga.

Bi Nunu alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri, juu ya bodaboda, miwani puani na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Nabeel alikuwepo, na Radhiya pia, maana bibi alitaka wote waliosikia wawepo.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambie. Karibuni umemwaga kitu cha moto nje?"

"Oili. Jumatatu. Hutolewa ingali moto ili uchafu utoke nayo. Niliimwaga kwenye ufa wa jabali, huko nyuma."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Ulisema bismillahi?"

Mtoto wa Unguja hufundishwa hili jikoni kabla hajajua kusoma: cha moto hakimwagwi ardhini mpaka useme bismillahi, wapate kupisha wale usiowaona. Hisham alikuwa hodari wa kuwakumbusha wenzake. Mwezi uliopita tu alimgombeza fundi jirani mbele za watu kwa kosa hilo hilo. Na Jumatatu ile alikuwa na haraka, simu kaibana begani, anabishana kuhusu vipuri. Alimtazama Nabeel, akamtazama mkewe.

"Nilisema," akajibu.

"Basi umeonewa. Aliyeonywa akakaa, lawama ni yake. Tutamtoa kwa nguvu."

Akatupa ubani na pilipili kavu juu ya makaa, akafungua boneti, akaupuliza moshi ndani ya injini huku akisoma, na kugonga kukaanza, kwanza polepole, kisha kwa kasi ambayo hakuna mashine ya binaadamu inayoiweza, mpaka gari lililozimwa likatikisika juu ya magurudumu yake, spana zikaanguka kutoka ukutani moja baada ya moja, kile kilio chembamba kikapanda kikawa ukelele uliowafanya wote wazibe masikio, na Radhiya, aliyekuwa kakaa juu ya kiti, akateleza chini, tumbo limekazana kama jiwe na kuelemea upande mmoja, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

"Mara ya pili! Mnamchoma mwanangu mara ya pili!"

Bi Nunu akasita. "Nani wewe?"

"Mama yake. Tulilala ufani, kivulini. Hatukuonywa. Moto ukammwagikia mwanangu, akakimbia kwa maumivu, akajificha humo ndani ya chuma. Anagonga kuniita, hajui kutoka." Mkono wa Radhiya ukapapasa tumbo lake mwenyewe, taratibu. "Na mimi nshapata pa kukaa. Wangu akifa, na huyu atakufa."

Bi Nunu alimgeukia Hisham. Hakupandisha sauti.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ulisema au hukusema?"

"Sikusema," alilia Hisham, kapiga magoti kwenye sakafu ya oili. "Sikusema, na nimekudanganya. Niliona haya. Nisameheni. Mwanangu hana kosa."

Bibi akakipindua chetezo kwa mguu, akayazima makaa kwa maji ya kunywa, baada ya kutaja jina la Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kisha akainama sikioni mwa Radhiya, akaomba radhi kwa adabu, kama anayeomba radhi kwa jirani.

"Utaridhika na nini, mama?"

"Maziwa yangu yamekauka kwa huzuni. Mwanangu hatapona bila ya maziwa."

Nabeel alikuwa kafumba macho. "Jibu wewe," Bi Nunu alimwambia Hisham. "Mkosaji ni wewe."

Radhiya, kinywa chake kikiwa cha yule mama, hakuwa wa kuulizwa. Hisham aliliona tumbo likitetema.

"Nimekubali," akasema. "Atanyonya kwa mke wangu."

Tumbo likalegea. Ndani ya injini kitu kikagonga mara moja, kwa upole, na hakikugonga tena. Nabeel alilichukua gari lake jioni ile, likiwa zima kabisa, na hakurudi Mwanakwerekwe.

Radhiya alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Wakamwita Dalal. Alimnyonyesha ziwa la kulia tu. La kushoto lilijaa na kupungua lenyewe, na upande ule kanga zake zilinuka nywele zilizoungua hata zifuliwe vipi.

"Nani katoa maziwa yangu bila ya kuniuliza?" alimuuliza mumewe asubuhi moja.

Hisham akamweleza yote. Radhiya aliukunja mkono wake wa kushoto kama anayebeba mtoto.

"Anayenyonya kwangu ni ndugu yake Dalal," alisema. "Na mume wangu ni baba yake. Sheria unaijua."

"Naijua."

"Basi muogope Mungu juu yake pia."

Mwezi mmoja baadaye, adhuhuri, Hisham alikuwa peke yake gereji. Hapakuwa na gari hata moja. Sauti ndogo ikamwita kutoka karibu sana na goti lake.

"Baba."

Wazee wamekataza kuitika wito wa adhuhuri usioonekana mwenyewe. Hisham alikumbuka, na bado hakuweza kumnyima. Alikuwa kamchoma mara mbili.

"Naam, mwanangu."

"Ziwa moja halinitoshi," ilisema sauti. "Mwambie Dalal anipishe."