Mtunzi Haruhusiwi Kusema

"Dada, usigeuke. Nimesema usigeuke!"

Mtunzi akageuka.

"Haya, umeshageuka," mdogo wake akaguna. "Sasa jifanye hujamwona."

Alikuwa amemwona. Mumewe, Seremala, alikuwa amesimama kwenye njia nyembamba kati ya meza, mkono wa kulia umezama mfukoni, macho yanatafuta namba ya meza yake. Ukumbi ulikuwa umefurika. Kila meza ilikuwa na maboksi, karata na kete, na watu walikuwa wamekuja kutoka kila kona kujaribu michezo mipya ya mezani, wengine na watoto mgongoni. Katika umati wote huo, Mtunzi alimtambua mtu ambaye hajamwona miezi saba kwa jinsi tu anavyoinamisha shingo.

Akasubiri moyo umruke. Haukuruka.

"Unajisikiaje?" mdogo wake akauliza.

"Kawaida."

"Kawaida! Wewe ukishika moto utaniuliza ni nani anachoma takataka. Mumeo amerudi!"

"Hajarudi. Ameleta funguo."

Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi, wakati anapanga meza: "Habari za kazi. Nimepata nafasi kwenye karakana mji mwingine, Jumatatu naondoka moja kwa moja. Nitapita hapo kwenye maonyesho nikuachie funguo za nyumba. Sitakaa."

Mtunzi aliusoma mara mbili, akajibu: "Sawa."

Mdogo wake, msusi wa kazi na mwenye mdomo usiojua likizo, nusura amnyang'anye simu. "Sawa? Ndoa ya miaka tisa inaondoka hivihivi, mwanamke mzima unajibu sawa?"

Angejibu nini kingine? Tangu mumewe aondoke alikuwa amekufa ganzi, ile ganzi ya daktari wa meno, ila yake ilikuwa imesahau kuisha. Alikula, alifanya kazi, alicheka pale wenzake walipocheka. Hakuna kilichomfikia. Katika miezi hiyo hiyo alitengeneza mchezo mmoja mpya kabisa, na leo saa tisa mchezo huo ulikuwa unaingia kwenye jaribio la kimya.

Hilo jaribio watunzi wa michezo wanaliogopa, na wana haki. Watu wanne ambao hawajawahi kuuona mchezo wanakaa, wanafungua boksi, wanasoma maelezo wenyewe na kucheza. Mtunzi anakaa pembeni, haruhusiwi kufungua mdomo. Wakikosea, waache wakosee, yeye aandike. Boksi likishafika nyumbani kwa mtu, mtunzi hatakuwemo ndani kueleza. Kwa miaka kumi na miwili hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kunyamaza, kutazama watu wakikosea, na kuandika.

"Wachezaji watatu," akasema mwakilishi wa wachapishaji, mama mmoja mkavu ambaye ukumbi mzima ulimwita Miwani. "Wa nne yuko wapi? Nataka mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huu."

"Huyu hapa!" Msusi alikuwa ameshamkamata Seremala mkono wa kushoto. "Huyu hata kuusikia hajausikia!"

"Shemeji, mimi nimepita mara moja tu."

"Basi kaa hiyo mara moja, shemeji."

Seremala akaweka funguo mezani, karibu kabisa na daftari la mkewe. "Hizo hapo," akasema. Hakumtazama usoni.

"Umewahi kuuona mchezo huu?" Miwani akamuuliza.

"Sijawahi."

"Na mtunzi mnafahamiana?"

"Kidogo."

Miaka tisa kitanda kimoja, jamani, kidogo! Msusi akaziba mdomo kwa mkono. Miwani hakutaka maelezo zaidi, saa ilikuwa imefika, akabonyeza saa yake na jaribio likaanza.

Wachezaji wengine walikuwa dereva wa lori mwenye tumbo lake na sauti yake, na mabinti wawili mapacha. Dereva ndiye aliyefungua boksi na kusoma kijitabu kwa sauti.

"Mchezo unaitwa Nishikie. Wote mnajenga nyumba moja kwa vijiti. Kila mchezaji atumie mkono mmoja tu. Mkono mwingine auweke mapajani au mfukoni." Akainua macho, akamwona Seremala. "Ala! Bwana huyu kaanza kabla yetu!"

Mapacha wakacheka. Seremala hakucheka. Sasa ndipo alipomtazama mkewe, na mkewe akainamia daftari.

Mwaka mmoja na nusu uliopita msumeno wa karakana ulimla Seremala vidole viwili vya mkono wa kulia, na gumba likabaki limekakamaa. Alikuwa mtu wa kujitegemea hata kabla ya hapo. Baada ya hapo akawa hataki kuguswa. Mtunzi alimjua, hakujisumbua kumuuliza. Akafanya alichokizoea. Alikaa kimya, akamtazama mumewe akihangaika na vifungo, na kikombe, na kitasa cha mlango, na akaandika. Kosa kama hilo mke mwingine asingelifanya. Ilibidi awe mtu wa kazi yake.

Asubuhi moja Seremala alikuwa anatafuta penseli, akalifungua daftari. "Vifungo, dakika nne. Kikombe kimeanguka tena. Dawa ya meno imemshinda kufungua, ameitupa." Kurasa kumi na moja za hivyo. Alizisoma amesimama. Jioni alikuwa mlangoni na begi.

"Mimi nilikuwa mumeo," alimwambia. "Hukuniuliza hata siku moja. Uliniandika."

Mtunzi alikuwa na la kusema siku ile, na alilinyamazia. Mpaka leo.

"Anayehitaji mkono wa pili aseme nishikie," dereva akaendelea kusoma, "na jirani amshikie. Asiyesema, ukuta wake utaanguka."

Wakacheza. Mapacha walikuwa wanasema nishikie kila baada ya pumzi mbili. Dereva alisema kwa sauti ya kuita abiria. Ukuta wao ukapanda. Wa Seremala ukaanguka.

"Kaka, sema basi," pacha mmoja akamhimiza. "Mimi niko hapa."

"Naweza."

Ukaanguka tena.

"Bwana mkubwa, nyumba ni yetu sote hii," dereva akasema. "Unatuangusha."

"Nimesema naweza."

Ukaanguka mara ya tatu, vijiti viwili vikadondoka chini. Kalamu ya Mtunzi ikatembea yenyewe: "Mchezaji wa nne haombi." Seremala aliiona ikitembea.

"Umeandika nini?"

Mtunzi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Nakuuliza wewe. Umeandika nini sasa hivi?"

Miwani akaingilia. "Ndugu mchezaji, mtunzi haruhusiwi kusema. Akisema neno moja, jaribio limefutwa na mchezo wake unatoka kwenye orodha yetu."

"Usijisumbue kumkumbusha, mama," Seremala akasema. "Huyu hasemi."

Akasukuma kiti, akasimama. "Endeleeni. Mtajenga vizuri zaidi bila mimi."

Akaanza kuondoka. Msusi alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anamtolea dada yake macho kama anataka kumsukuma kwa macho hayo. Mtunzi alitazama mgongo wa mumewe ukipita meza ya jirani, ukipita nguzo. Hakusikia kitu ndani yake. Akatupa macho chini kwenye daftari, na hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino bado mbichi, akaona ameandika: "Anaondoka."

Akaogopa. Hakulia, wala moyo haukwenda mbio, ila aliogopa kweli kweli, kama mtu aliyejikuta amesimama katikati ya barabara bila kujua alifikaje.

"Rudi," akasema.

Sauti ilitoka imekauka. Mapacha wakaacha kucheza. Miwani akavua miwani.

"Mtunzi!"

"Najua nimesema, mama. Futa." Akasimama. "Fundi! Rudi hapa."

Seremala akageuka. Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kupaza sauti.

"Daftari hili siku ile ulilisoma mbele tu," Mtunzi akasema. Alikuwa amelinyoosha daftari kwa mikono miwili. "Lisome na nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Makosa naandika kuanzia mbele. Marekebisho naandika kuanzia nyuma, daftari nimelipindua. Siku zote ndivyo ninavyofanya. Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi? Mimi nilikuwa nakuchongea kete, madaftari yako sijawahi kuyagusa."

Akarudi. Akalichukua, akalipindua juu chini, akasoma midomo ikitikisika.

"Vifungo. Nimempa fundi cherehani mashati manne, aweke vya kubana kwa ndani, vya juu vibaki urembo. Asijue ni mimi niliyeagiza." Akajitazama kifuani. Shati alilovaa lilikuwa mojawapo. Akaendelea. "Dawa ya meno. Naiacha wazi kila asubuhi, nijifanye msahaulifu. Kitasa cha mlango wa uani, nimebadilisha, kinasukumwa kwa kiwiko. Kikombe. Nimenunua chenye mshikio mpana, nimemwambia cha zamani kimepasuka."

Akakomea hapo.

"Kile kikombe si kilipasuka?"

"Nilikipasua."

"Cha marehemu mama yangu?"

"Hicho hicho."

Dereva wa lori akasema "Loo!" taratibu, akajifanya anapanga vijiti.

"Kwa nini hukuniambia?" Seremala akauliza.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Basi nini? Ungesema hivyo hivyo! Ningefoka, nawe ungefoka, tungenuniana siku mbili, yakaisha. Mimi nilikaa mle ndani nikijiona mzigo. Nasema mke wangu ananihesabia dakika za vifungo, siku moja atachoka."

"Ningesema," Mtunzi akakubali. "Hapo nilikosea. Nyumba nimeifanya meza ya majaribio."

"Jamani, basi fokeaneni sasa hivi," Msusi akadakia, "mimi kesho nina vichwa sita vya kusuka!"

Seremala akalifunga daftari.

"Nina hasira na wewe," akasema. "Nakwambia ukweli. Na nimekukumbuka mpaka nimekonda. Vyote viwili."

Mtunzi akatafuta cha kumjibu, akaamua kutoa kile kilichokuwepo, hata kama ni kidogo.

"Mimi sisikii kitu. Tangu ulipoondoka. Nimekuwa gogo. Nataka urudi nyumbani, lakini hata huko kutaka nakujua kwa akili tu, moyo uko kimya. Sitaki kukudanganya."

Mbele ya watu wasiomjua, Seremala akautoa mkono wa kulia mfukoni.

"Hili gumba daktari alisema halitasikia kitu tena. Sasa linasikia baridi. Joto bado, baridi ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu. Sikuwa na wa kumwambia."

Miwani alikuwa ameshaitoa orodha yake na kupiga mstari. "Kanuni ni kanuni," akasema, bila ukali. "Mwakani leta maombi upya."

"Sawa," Mtunzi akajibu. Mchezo wa miezi saba ulikuwa umeondoka kwa neno moja, na yeye akajikagua kama mtu aliyeanguka anavyojikagua magoti. Hakuona jeraha.

"Na ukiuleta," dereva akasema, akiinuka na tumbo lake, "rekebisha kitu kimoja. Huyu bwana alikuwa anahangaika mbele ya macho yangu na mkono wangu ni mtupu. Kwa nini kijitabu hakiniruhusu nimuulize kama anataka nimshikie? Lazima aombe yeye tu?"

Mtunzi akamtazama. Miaka kumi na miwili ya majaribio, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo zito namna ile. Akalichukua daftari mkononi mwa mumewe, akalipindua, akaandika kwa nyuma.

Wachezaji walipoondoka, Seremala akatoa simu na kupiga palepale.

"Shikamoo, mzee. Ile nafasi ya Jumatatu, naomba umpe mwingine… Hapana, siumwi… Samahani sana, mzee wangu. Kuna nyumba ya hapa sijaimaliza."

Msusi akaokota funguo pale mezani, akamtumbukizia shemeji yake kwenye mfuko wa shati, kisha akaondoka akisema anakwenda kutafuta maji, ingawa chupa mbili zilikuwa zimejaa mbele yake.

Wakabaki wawili kukusanya vijiti. Boksi la mchezo lilikuwa jipya na mfuniko wake mgumu. Ukiubana huku, unanyanyuka kule. Seremala akaubana kwa mkono wa kushoto, ukachomoka. Akaubana tena, ukachomoka tena. Akakunja uso.

Mtunzi aliushika ulimi kwa mazoea. Kisha akauachia.

"Nikushikie?"

Seremala akaubana tena. Mfuniko ukachomoka mara ya tatu.

"Shika huku mwisho," akasema. "Siyo hapo, bibie. Huku."

Akashika. Wakakandamiza kwa pamoja, boksi likafunga, na lile gumba lililokakamaa likaangukia juu ya mkono wake na kubaki hapo. Lilikuwa la baridi. Mtunzi alilisikia.