Onja Kwanza, Stanislaus

"Maharage ya Kasulu yameingia funza."

Simu ikakatwa. Anifa hakumaliza chai yake. Alitoka kwenye mgahawa wa Kibondo, akaiwasha pikipiki yake ya Boxer, akashika njia ya Kasulu. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni, chini ya kitenge. Funza, katika lugha ya siri kati yake na mkuu wake Bazilio, maana yake adui keshaingia ndani ya nyumba.

Na safari hii nyumba ilikuwa ya Niyongabo.

Niyongabo alikuwa dereva wa lori aliyekataa kuwavushia watu bunduki pale mpakani Manyovu. Wakamtwanga risasi ya paja. Sasa alifichwa Kagerankanda, kwenye shamba la mihogo, akisubiri kusimama mahakamani na kuwataja wenye bunduki. Nyumba aliyolala ilijulikana kwa wachache mno, na mmoja wao alikuwa Verediana, muuguzi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, aliyekuwa akimsafisha kidonda.

Na Verediana huyo alikuwa amenunua simu mpya.

Anifa alimkuta mahali pao pa kukutania, nyuma ya mashine ya kusaga, Kasulu. Verediana alipofungua mdomo kusalimia, Anifa akamziba. Akampokonya simu, akaingia nayo ndani, akailaza juu ya gunia kando ya injini inayonguruma. Anayesikiliza huko aliko aambulie kelele na pumba. Akatoka tena nje.

"Haya. Sasa sema."

"Mwakeye, dada." Verediana alimalizia salamu yake, macho mekundu. "Nilinunua jana kwa mtu binafsi, anaitwa Stanislaus. Zentora mpya, eti kaletewa na shemeji yake, haitaki. Leo inachemka mfukoni hata sijaigusa. Ndiyo nikaazima simu ya jirani nimpigie mzee Bazilio."

Mbuzi kwenye gunia! Mtu kasoma miaka yote hiyo, anauziwa simu barabarani na shemeji wa hewa. Anifa alimeza maneno hayo. Angalau huyu alikuwa na akili ya kupiga simu kwa kuazima.

Alirudi kwenye injini, akabonyeza *#06#, akaituma namba iliyotokea kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, kwa simu yake mwenyewe. Jibu likaja. Namba ile ilikuwa ya kisimu cha batani, cha kampuni nyingine kabisa.

Feki.

Akafungua kopo lake la poda. Chini ya poda kulikuwa na kinasa mawimbi, na taa yake iliwaka nyekundu. Zentora ilikuwa imezima kioo, lakini ilikuwa inaongea na mtu.

"Inasikiliza," alimwambia Verediana aliporudi nje, "na inasema ulipo."

"Yesu wangu! Basi niitupe chooni. Au nimuuzie mtu mwingine huko..."

"Ebo! Ukiitupa, watajua tumejua. Ukiiuza, unamhamishia mwenzio msiba. Usiizime, usifute kitu, na boksi lake litunze. Na muuzaji humfuati peke yako. Umetaja nini mbele yake?"

"Kwamba jioni nakwenda Kagerankanda. Nyumba sikuitaja."

Basi walikuwa wanamngoja awaongoze. Jioni Verediana akienda na simu ile, Niyongabo hatoiona kesho.

"Mpigie Stanislaus kwa simu hiyohiyo," Anifa alisema. "Isifu sana. Sema wauguzi wenzako wanazitaka mbili."

Tamaa haina breki. Stanislaus alifika kwenye kilabu cha pombe cha Mama Ndayikeza, ambako Anifa na Verediana walimngoja, kabla hata benchi halijapata joto. Viatu vyeupe, na marashi kama anakwenda kuposa. Kwenye benchi la jirani, Sajenti Benedicto wa polisi, aliyeitwa na Anifa, akiwa na gambuti na kofia ya shamba, aliinamia mrija wake kama mlevi wa kila siku. Zentora ya Verediana ilikuwa imeachwa kulekule kwenye mashine.

Stanislaus aliweka maboksi mawili ya simu mezani, akaagiza pombe ya ndizi kwa niaba ya wateja. Pombe ilipokuja, akapiga funda kubwa yeye kwanza, akafuta mdomo, ndipo akaisogeza kwa Anifa. Hakufikiri hata. Huko Buha, kwa Waha, mwenye kutoa pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu.

Anifa hakuigusa.

"Umeonja pombe, kaka. Onja na simu."

"Vipi?"

"Toa laini yako, uiweke humu. Mpigie mkeo, umsalimie."

Stanislaus akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Dada, mimi nauza tu. Zikiwa na shida, hata mimi nimeuziwa."

"Nani kasema zina shida?"

Wanywaji wakaachia mirija. Mama Ndayikeza akatoka jikoni na mwiko wake.

"Huku kwetu mwenye pombe akikataa kuonja hatumwulizi tena," alisema. "Tunajua anajua kilichomo."

Mkono wa Stanislaus ukaingia kwenye koti.

"Utoe polepole," Anifa alisema. Mdomo wa Glock ulikuwa umeshakaa juu ya goti la Stanislaus, chini ya meza. "Usije ukamwaga pombe ya watu."

Mkono ulitoka mtupu, Benedicto akaufunga pingu. Marashi yote yale, ndani hamna mtu. Akatapika kila kitu: msikilizaji ni Raymond, yumo kwenye Land Cruiser nyeupe njia panda ya Kagerankanda, na watu watatu.

Waliletewa Zentora. Verediana akaishika karibu na mdomo, akamwambia Anifa kwa sauti ya kawaida:

"Shoga, Kagerankanda siendi tena. Mgonjwa wamemhamishia kwenye ghala la bati la kijani, huku nyuma ya soko."

Sauti haikumtetemeka. Anifa akamheshimu kidogo.

Redio ya Benedicto ilikoroma baadaye, askari wake wakiwa wameshajificha kuzunguka ghala.

"Gari nyeupe imeingia ghalani. Watu wanne."

"Mlango?" Benedicto aliuliza.

"Wameufunga wenyewe nyuma yao, afande. Wametupunguzia kazi."

Milio miwili ya risasi. Kisha sauti ileile: "Wote chini. Hai. Huyu Raymond analia."

"Mpe leso," Anifa alisema.

Verediana alipanda pikipiki ya polisi kwenda Kagerankanda na mfuko wake wa bandeji. Simu ilibaki kituoni, ndani ya boksi lake, kielelezo cha kesi.

Anifa alikuwa anavaa kofia ngumu mlangoni pa kituo Stanislaus alipomwita kutoka mahabusu.

"Dada! Nisaidie, dada. Nina watoto wawili."

Anifa aligeuka, akamtazama toka viatu vyeupe hadi kichwani.

"Niyongabo anao watatu," alisema. "Yeye hukumuuliza."

Akaiwasha Boxer, akaondoka.